Matundu Matano: Tathmini ya Upasuaji wa Kucheua kwa Mtoto Mdogo, Dar es Salaam

Mwanangu wa kike alifanyiwa upasuaji akiwa na umri wa miezi 13, katika hospitali moja binafsi ya hapa Dar es Salaam ambayo sitaitaja kwa jina, kwa sababu bado anahudhuria kliniki pale na kwa sababu baadhi ya niliyo nayo ya kusema hayatawafurahisha. Upasuaji wenyewe ni ule tuliozoea kuuita wa matundu madogo, na ulikusudiwa kuzuia tindikali ya tumbo isiendelee kumpanda kooni na kumwingia mapafuni kama ilivyokuwa ikifanya tangu alipokuwa mchanga. Sasa imetimia miezi saba tangu siku ile. Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye ameketi nyumbani na barua ya rufaa mkononi, akijiuliza kama akubali au akatae.

Kabla ya kuisifu au kuilaumu hospitali yoyote, ni lazima ieleweke kwamba watoto wengi mno wanaocheua hawahitaji kisu. Mlango ulio kati ya umio na mfuko wa chakula ni msuli wa duara ambao kwa mtoto mchanga bado haujakomaa, na mtoto huyo huyo hushinda amelala, tena chakula chake chote ni maji maji, kwa hiyo maziwa hurudi juu bila shida. Hali hiyo huzidi kwenye mwezi wa nne hivi, kisha hupungua kadiri mtoto anavyokaa, anavyosimama na anavyoanza kula vyakula vizito, na wengi huwa wamepona kabisa wanapofikisha mwaka mmoja au mwaka na nusu. Mtoto anayecheua huku anacheka na mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda hana ugonjwa. Mwenye tabu ni yule anayefua nguo. Daktari yeyote atakayekutajia upasuaji katika mahudhurio ya kwanza, bila kuiomba kadi hiyo aitazame, mshukuru kwa adabu na utafute mwingine. Kwa upande wa pili, yapo matapishi ambayo si ya kungojea: ya rangi ya kijani, yenye damu, au yale ya kuruka kwa nguvu baada ya kila kunyonya kwa mtoto wa wiki chache tu, ambayo huweza kuwa dalili ya kuziba kwa njia ya kutokea ya mfuko wa chakula. Hayo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Mwanangu hakuwa katika kundi la wenye kufuliwa nguo tu. Alipokuwa na miezi mitano alikuwa na kilo 5.4, akijinyonga mgongo kila anapomaliza kunyonya na kugeuza shingo upande kwa namna iliyotufanya tudhani ni degedege. Alilazwa mara tatu kwa nimonia kabla hajatimiza mwaka. Dawa ya kupunguza tindikali, omeprazoli, alitumia kwa miezi mingi, na ilimpunguzia kilio, lakini haikuzuia kikohozi cha usiku, kwa sababu ambayo nilikuja kuielewa baadaye: dawa hiyo huyapunguza makali ya kile kinachopanda, haikizuii kupanda. Maziwa ya kawaida yaliyoingia kwenye mapafu huleta madhara yake hata kama hayana tindikali nyingi.

Hapo katikati mama mkwe wangu, ambaye anampenda mjukuu wake kuliko mimi ninavyoweza kueleza, alishauri mara mbili kwamba mtoto akakatwe kimeo. Nalitaja hili bila kumdhihaki, kwa sababu najua si yeye peke yake. Katika mitaa yetu mtoto anayekohoa na kutapika bila kukoma bado hupelekwa kwa mkata kimeo, na wapo waliorudi na mtoto anayevuja damu. Kimeo hakihusiani hata kidogo na mlango wa chini wa umio. Nilimwambia, "Mama, tumpe daktari nafasi kwanza," naye alinyamaza, ingawa hakuridhika.

Jambo la kwanza ninaloisifia hospitali hii ni kwamba daktari bingwa wa upasuaji wa watoto alikataa kumpasua alipomwona mara ya kwanza. Alisoma kadi yote, akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza, kama vile mtoto hukohoa wakati wa kumeza au saa nzima baadaye, kisha akaturudisha kwa daktari wa watoto kwa wiki sita. Katika wiki hizo tuliongeza uzito wa uji na maziwa, tukapunguza kiasi cha kila mlo na kuongeza idadi ya milo, na mimi mwenyewe niliacha maziwa ya ng'ombe na vyote vitokanavyo nayo kwa wiki nne, kwa kuwa mzio wa maziwa hayo huweza kufanana na ugonjwa huu kama pacha, hata kwa mtoto anayenyonya. Nilichukia kila siku ya wiki hizo. Leo naziona kuwa ndizo sababu ya mimi kuuamini uamuzi uliofuata, maana uzito haukusogea na nimonia ya tatu ilikuja ndani ya muda huo huo.

Vipimo vilikuwa viwili. Cha kwanza ni picha za eksirei zinazopigwa mtoto akimeza bariamu, dawa nyeupe kama chokaa, na hicho ndicho kilichotoa jibu: sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ilikuwa imepenya kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ikakaa juu ya mahali pake, kwa hiyo ule mlango wa umio hata ungekomaa usingekuwa na pa kushikilia. Cha pili ni kamera ya kupitishwa mdomoni, ambayo ilionyesha vidonda vya kuungua sehemu ya chini ya umio. Kipo na kipimo cha tatu, cha mrija mwembamba unaopitishwa puani na kuachwa kwa saa 24 ukihesabu kila kinachopanda, kiwe na tindikali au kisiwe nayo. Hospitali hii haikuwa nacho. Kwa mtoto wetu picha zilitosha. Kwa mtoto ambaye picha zake ni safi na dalili zake zina utata, ningesita kukubali upasuaji bila kipimo hicho.

Maelezo ya upasuaji tulipewa kwa kalamu na karatasi, mimi na mume wangu tukiwa tumekaa upande mmoja wa meza na daktari, jambo dogo ambalo lilitutuliza. Hufanyika hivi. Mtoto akishalazwa usingizi, hupitishwa tundu kwenye kitovu, tumbo hujazwa hewa ya kabonidayoksaidi kwa mgandamizo mdogo ili pawe na nafasi ya kufanyia kazi, na kamera huingizwa hapo. Matundu mengine manne, ya milimita tatu hadi tano, hupitisha vyombo vya kushikia, kukatia na kushonea, na kimoja cha kuinulia ini. Mfuko wa chakula hushushwa chini ya kiwambo, uwazi uliolegea hushonwa ubane, kisha sehemu ya juu ya mfuko huo huzungushwa nyuma ya umio na kushonwa kwa mbele, mithili ya kola ya shati. Mfuko ukijaa, kola hiyo huubana umio wenyewe. Aliyebuni njia hii ni Rudolf Nissen, daktari Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933 Hitler alipoingia madarakani, akafanya kazi Istanbul na Marekani kabla ya kwenda Basel, Uswisi, ambako aliufanya upasuaji huu mwaka 1955. Kuufanya kwa matundu kulianza kwa watu wazima mwaka 1991, na kwa watoto miaka michache tu baadaye.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa makusudi, kwa kuwa jina la "matundu madogo" linatupotosha wazazi. Nilipokuwa nikiwaaga ofisini, mwenzangu mmoja alinipa pole kwa "kaupasuaji kadogo", na mimi mwenyewe moyoni nilikuwa nafikiri hivyo. Kilichopungua ni ukubwa wa jeraha la ngozini. Yanayofanyika ndani ni yale yale ambayo yangefanyika kwa kupasua tumbo wazi, na kumlaza usingizi mtoto wa kilo 6.8 aliyetoka kwenye nimonia ni kazi nzito vile vile. Zaidi ya hayo, si kweli kwamba njia ya matundu hushinda kwa kila kipengele. Jaribio lililofanyika London lilionyesha kwamba watoto waliopasuliwa kwa matundu hawakusumbuliwa sana kama waliopasuliwa wazi na hali ya kujikamua kutapika bila kutoa kitu baada ya upasuaji, lakini jaribio la Norway lililochapishwa mwaka 2015, lililowafuatilia watoto kwa miaka kadhaa, lilikuta kwamba kucheua kulirudi zaidi kwa waliopasuliwa kwa matundu kuliko kwa waliopasuliwa wazi. Daktari wetu aliliweka wazi kwamba kola huweza kulegea au kupanda kifuani, na kwamba baadhi ya watoto hupasuliwa tena. Aliongeza kuwa hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao mara nyingi huwekewa na mrija wa kulishia tumboni katika upasuaji huo huo. Kwa uwazi huo nampa alama zote.

Upande wa fedha sina sifa za kutoa. Kibali cha bima ya mwajiri wangu kilichukua siku 19, kwa sababu fomu ilijazwa jina la upasuaji kimakosa ikarudishwa, na hakuna aliyetuambia mpaka nilipokwenda mwenyewe dirishani. Makadirio tuliyopewa kwa maandishi hayakujumuisha usiku mmoja katika chumba cha uangalizi maalumu, ilhali daktari wa usingizi alikuwa ameshasema toka mwanzo kwamba mtoto atalala huko. Ankara ya mwisho ilizidi makadirio kwa karibu theluthi moja na ziada tuliilipa sisi. Mzazi atakayefuata aombe makadirio yenye mstari wa chumba hicho, mstari wa daktari wa usingizi na mstari wa vifaa vya kutumika mara moja, maana hapo ndipo shilingi zinapojificha.

Siku ya upasuaji ilianza vibaya. Tuliambiwa mtoto asile chochote kuanzia saa 4 usiku, nasi tukatii, kisha upasuaji uliopangwa saa 2 asubuhi ukasogezwa kwa sababu ya dharura mpaka saa 6 mchana. Dharura naielewa, na kama mtoto wangu ndiye angekuwa dharura ningetaka wengine wangoje. Nisichokielewa ni kwa nini hakuna aliyekuja kusema kwamba angeweza kupewa maji. Kanuni ya kawaida ni kwamba maziwa ya mama husimamishwa muda wa saa 4 kabla ya usingizi, maziwa mengine na chakula muda wa saa 6, na maji matupu huruhusiwa hadi karibu zaidi na upasuaji. Mtoto wangu, aliyekuwa mwembamba kama njiti, alikaa muda wa saa 14 bila hata tone. Nilipomuuliza muuguzi wa zamu alinijibu, "Mama, ndivyo ilivyoandikwa," na kweli ndivyo ilivyokuwa imeandikwa.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kutegemea. Upasuaji ulichukua muda wa saa mbili na nusu, na daktari alitoka mwenyewe kuja kutuambia, akiwa bado na kofia yake. Wauguzi wa chumba cha uangalizi maalumu waliniruhusu nikae karibu na kitanda na kumshika mtoto mkono, wakampa dawa za maumivu kwa saa zilizopangwa bila mimi kuomba, na mmoja wao akanieleza kwamba kilio cha ghafla cha usiku ule huenda kilitokana na mabaki ya ile hewa, ambayo hukisumbua kiwambo na kuleta maumivu hata mabegani. Asubuhi alipewa maji kwa kijiko. Mchana akanyonya. Siku ya pili nilimlaza chali baada ya kunyonya, nikakaa nikimkodolea macho kama mtu anayengoja mvua, na hakuna kilichopanda. Kwa miezi 13 nilikuwa nimelala nikiwa nimemwegemeza kifuani. Usiku huo nililala kwenye kiti na yeye kitandani kwake, na hakukohoa hata mara moja.

Tuliruhusiwa siku ya nne, na hapa ndipo penye lawama yangu kubwa. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na mistari minne ya Kiingereza: dawa, kidonda kisilowe, chakula laini, rudi baada ya wiki mbili. Haikusema kwamba mtoto aliyeshonwa kola hii, hasa katika wiki za mwanzo, mara nyingi hawezi kutapika wala kupiga mbweu. Hewa anayoimeza akilia au akinyonya haina pa kutokea ila kwa chini, na akipata ugonjwa wowote wa tumbo, badala ya kutapika hujikamua bila kutoa kitu huku tumbo likizidi kujaa. Hilo daktari alikuwa amelitaja wiki kadhaa nyuma, kati ya mambo mengi, nami sikulishika.

Usiku wa tisa nyumbani, Tabata, mtoto alianza kuhara. Ilipofika saa 7 usiku alikuwa anajikamua mfululizo, macho yanatoka machozi, na tumbo limewamba kama ngoma. Nilipiga namba iliyokuwa kwenye karatasi, na iliita hadi ikakatika, mara tano. Tulikwenda zahanati ya karibu, ambako tabibu alimpima kwa uangalifu, akaona anahara, akatupa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na kutuambia tumnyweshe kidogo kidogo, ushauri ambao kwa mtoto mwingine yeyote ungekuwa sahihi kabisa. Sikumwambia kuhusu kola kwa sababu sikujua kwamba ni jambo la kusemwa. Nilimwonyesha matundu, akayasifu yamepona vizuri. Kila kijiko alichomeza kilizidisha kilio. Saa 10 alfajiri tulichukua bajaji hadi idara ya dharura ya hospitali ile ile, na daktari kijana aliyekuwa zamu, baada ya kusikia neno moja tu la aina ya upasuaji, alipitisha mrija puani hadi tumboni. Hewa ilitoka kwa mlio uliosikika mpaka kitanda cha pili. Mtoto alilala kabla mrija haujabandikwa vizuri.

Kwa hiyo, mzazi, andika kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa mwisho wa kadi ya kliniki kwamba mtoto amefungwa mfuko wa chakula kuzunguka umio na hawezi kutapika, na kwamba tumbo likijaa huku anajikamua apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji. Mwonyeshe kila tabibu kabla hajashika hata kipimajoto. Mimi niliiandika siku ile ile, na katika mahudhurio yaliyofuata muuguzi mkuu wa kliniki aliomba kuipiga picha.

Kuhusu chakula tulijifunza wenyewe. Kwa wiki nne za kwanza umio huwa umevimba pale ulipobanwa, na vitu vinavyofanya donge hukwama: mkate, chapati, maandazi, nyama, hata ugali uliosongwa mgumu. Mtori mwepesi, uji wa kuchujwa, viazi vilivyopondwa na supu, parachichi na papai vilipita bila tabu, kwa kijiko kidogo na kwa subira. Soda haifai kabisa, na sijui kwa nini ndugu hupenda kuwaonjesha watoto soda. Mtaalamu wa lishe wa hospitali alituona mara moja tu, kwa dakika kumi, na mpango aliotupa ulikuwa na jibini na brokoli.

Familia isiyo na bima ya aina yetu isidhani kwamba mlango umefungwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya upasuaji wa watoto, na njia ya kufika huko ni rufaa kupitia hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala. Foleni ipo, ila ugonjwa huu kwa kawaida hutoa muda wa kungoja, mradi lishe na mapafu vinaangaliwa katika kipindi hicho. Iwapo daktari aliye mbele yako atasema ataufanya kwa kupasua wazi kwa sababu ndiyo njia aliyoizoea, usimkimbie kwa ajili ya kovu. Ningechagua mkono uliozoea kupasua wazi kuliko kamera iliyo mikononi mwa mtu anayejifunza kwa mtoto wangu.

Leo mwanangu ana miezi 20 na kilo 9.3. Hajalazwa kwa nimonia tangu upasuaji, omeprazoli tuliiacha kwa maelekezo ya daktari baada ya miezi miwili, na matundu manne kati ya matano inabidi uelekezwe kwa kidole ndipo uyaone. Wiki tatu zilizopita, tukiwa mezani kwa mama mkwe, alikunywa maji ya dafu kwa pupa na kupiga mbweu, ya kwanza tangu apasuliwe, na nyumba nzima ikapiga makofi. Nilipomweleza daktari kliniki hakucheka. Alisema mbweu huweza kumaanisha kwamba kola imetulia mahali pake na kulainika kama inavyotarajiwa, au kwamba imeanza kulegea, akampima uzito mara mbili, akasikiliza mapafu pande zote, na kutuandikia bariamu nyingine mwezi ujao.